Provins: nunua chakula kabla ya kupanda mlima

Ukishuka treni Provins, mji wa kale wa Ufaransa ulio mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka stesheni ya Gare de l'Est ya Paris, usikimbilie kuta za kale za juu mlimani. Pitia kwanza madukani mji wa chini, ununue mkate, jibini na maji kabla ya saa sita mchana. Miji midogo ya Ufaransa husinzia mchana: maduka mengi hufungwa hadi saa nane au tisa, na migahawani ikishapita saa nane hupikiwi hata yai. (Nimeshinda na njaa chini ya Tour César, mnara wa kale wa huko mlimani, najua.) Mbinu hii hugoma Jumatatu, maduka mengi yanapopumzika, na sikukuu kama 1 Mei. Siku hizo beba chakula kutoka Paris.