Gundi ya ukwaju na mstari mweusi: kuchora kama kikundi kwa mtindo wa Jamini Roy

Jamini Roy (1887–1972), mchoraji wa Bengal, India, alisomea uchoraji wa Kizungu mjini Kolkata, kisha akaachana nao akafuata wachoraji wa vijijini na wa Kalighat, mtaa wa Kolkata: mstari mnene, macho makubwa, rangi chache za udongo, gundi ya mbegu za ukwaju. Dar mbegu hizo hutupwa na wauza juisi, basi ziombeni.

Gundi ndiyo kazi yenyewe. Kaanga mbegu hadi ganda lipasuke, twanga kidogo, pepeta. Loweka viini usiku kucha, visage. Gramu 100 kwa lita 1 ya maji, moto mdogo, nusu saa, mwiko usitulie maana inashika chini kama uji. Chuja kwa kitambaa. Kwa joto letu huchacha upesi, kwa hiyo tia karafuu chache ikiwa jikoni, na pika ya siku mbili tu.

Udongo mwekundu upondwe, uvurugwe majini, mchanga uzame. Mimina maji mekundu pembeni, yatuame, anika. Nyeupe ni chaki, buluu ni ile ya kufulia. Manjano ya jikoni achaneni nayo, jua huyafifisha. Masizi ya kibatari huelea juu ya maji, basi yalainishe kwanza kwa matone ya spiriti.

Anza na vijiko 2 vya unga wa rangi kwa kimoja cha gundi, na maji kidogo. Paka kipande, kikikauka sugua kwa kidole gumba. Rangi ikibaki kidoleni, gundi haitoshi. Ikipasuka na kubanduka, imezidi.

Mnachora juu ya kitambaa cha marekani kilichobandikwa ubaoni na kupakwa chaki na gundi mara mbili. Mmoja achore kwa mkaa, wengine wajaze, kila mtu na rangi yake. Brashi ipite mara moja: ukirudia, maji yanaamsha rangi ya chini na kuwa tope.

Mstari mweusi huja mwisho, na hapo ndipo kila mtu anataka brashi. Msikubali. Mikono mitatu huzaa nyuso tatu zisizojuana. Achaguliwe mmoja, ashike brashi ndefu mbali na nywele za brashi, mkono utoke begani, jicho zima alivute kwa pumzi moja. Mstari ukisambaa kama wino kwenye gazeti, rangi ya chini ilikuwa bado mbichi. Wakati wa masika subirini hadi kesho yake.

Picha ikae ndani. Ukuta wa nje unahitaji rangi ya dukani, hii mvua moja inaiondoa.