Somo: Kupanga safari ya kukwea mwamba na barafu Lofoten, Norwe

Wakuu, maswali ya Lofoten ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nayajibu yote hapa. Ni visiwa vya kaskazini mwa Norwe, nyuzi 68, juu ya Mzingo wa Aktiki. Kimo hakisumbui kama Mlima Kenya, maana miamba inaanzia karibu na bahari. Kinachosumbua ni unyevu, upepo na giza.

1. Amua kwanza: mwamba au barafu. Hivi viwili havikutani. Mwamba ni Juni hadi Agosti, na hadi katikati ya Julai jua halizami. Barafu ni katikati ya Februari hadi katikati ya Machi.

2. Viza ya Schengen: unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya lazima ya euro 30,000 haitoshi. Soma masharti uone kama yanataja kukwea kwa kamba na uokoaji.

3. Ndege hadi uwanja wa Evenes, kodi gari, fuata barabara ya E10. Wakati wa baridi dai matairi yenye misumari.

4. Vifaa. Mwamba: kamba mbili nyembamba za mita 60, seti ya nati (vipande vya chuma vya kukwamisha kwenye nyufa), na kamu (vifaa vinavyotanuka na kubana ndani ya ufa) za kuanzia upana wa kidole hadi ngumi. Usitegemee kukuta boliti ukutani. Kinga unaiweka mwenyewe. Barafu: mashoka mawili, kramponi (meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu), kofia ngumu, skurubu za barafu 10 hadi 12, nyingi za sentimita 13 na 16, na moja ya 22 ya kutobolea matundu ya kupitishia kamba ya kushukia. Kamba iwe imetiwa dawa ya kuzuia maji. Isiyo na dawa hulowa, ikaganda, ikakataa kupita kwenye kifaa cha kushukia.

5. Theluji iliyo juu yako. Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanaangalia barafu tu. Maporomoko ya maji yaliyoganda yamo ndani ya makorongo, na korongo ndiyo njia ya theluji inayoporomoka. Ukiwa chini huoni bakuli la theluji lililo juu ya ukingo. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoachia, na upepo unaweza kuujaza kwa saa chache bila hata chembe ya theluji kuanguka kutoka mawinguni. Kwa hiyo: soma tahadhari ya maporomoko ya theluji kwenye varsom.no, tovuti ya Norwe, kila siku saa kumi jioni. Angalia daraja la hatari (1 hadi 5), kisha soma upande wa mlima na mwinuko unaotajwa, ulinganishe na ramani ya njia yako. Daraja la 3 si la wastani. Korongo lenye mteremko juu yake liache. Upepo mkali jana, mvua leo au joto la ghafla: liache pia. Kila mtu abebe redio ya kutafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, tena awe amefanya mazoezi, kwani baada ya robo saa hivi nafasi ya kumtoa mtu akiwa hai hushuka haraka. Na msisubiriane chini ya korongo.

6. Weka mpango wa pili. Mkondo wa bahari wa uvuguvugu huleta mvua hata Februari, na barafu ya pwani hubanduka. E10 hiyo hiyo inakufikisha Abisko, Uswidi, kwa saa tano hivi. Kule ni kukavu na baridi zaidi.

MASWALI

Mwamba_Tupu: Mkuu, likizo yangu ni Desemba. Naweza kwenda?

Jibu: Hatua ya 1. Desemba karibu yote jua halichomozi.

Kijana wa Moshi: Mtungi wa gesi naupakia kwenye mzigo wa chini au nauingiza ndani ya ndege?

Jibu: Popote ni marufuku. Nunua huko.

Dada Kamba: Samahani mkuu, kwa nini wanasema baridi kali ni mbaya kwa barafu? Nilidhani huiimarisha.

Jibu: Swali zuri, dada. Barafu nzuri ni ya nyuzi -2 hadi -8 hivi: shoka linaingia na kushika. Baridi ikizidi inakuwa kama kioo, ukipiga inatoka vipande vya ukubwa wa sahani. Joto likishuka ghafla barafu husinyaa na kuvutana, na nguzo inayoning'inia inaweza kukatika yenyewe. Piga kwenye vibonde, usipige kwenye nundu. Jua nalo lina hila yake: hupasha chuma cha skurubu, barafu inayoizunguka ikayeyuka. Skurubu ikikaa juani, ifunike kwa theluji.

Lukenya_Jumapili: Mwamba tunafanya hapa Kenya, Lukenya na Hell's Gate. Barafu tuanzie wapi?

Jibu: Msianzie Lofoten. Nendeni Rjukan, kusini mwa Norwe: njia nyingi ziko karibu na barabara, waongozaji wapo, na wakati wa baridi jua halifiki chini ya bonde, kwa hiyo barafu hudumu.

Dada Kamba: Glovu pea ngapi?

Jibu: Tatu. Nyembamba za kutembelea, za kukwea, na nene za kumshikia mwenzako kamba. Zilizolowa ziweke kifuani chini ya jaketi. Damu ikirudi vidoleni utaumia hadi kichefuchefu. Ning'iniza mikono chini, subiri dakika chache, ndipo uendelee.