Usiwatengee wanawake kona: kupanga rafu ya sayansi kwenye maktaba ndogo ya shule

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Moshi. Ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa kama mtu anavyokuachia mtoto wake sokoni: "Nishikie kidogo, narudi." Huu mwaka wa sita, hajarudi. Nilikuta vitabu mia nne na ushee, nusu yake kwenye maboksi ya mafuta ya kula, na mchwa walishaanza na Jiografia. Kama nawe umeachiwa ufunguo wa namna hiyo, soma kwanza nilipokosea.

Nilipotoa vitabu kwenye maboksi niliona wanawake wanasayansi si haba, nikafurahi. Nikatandika kitenge kwenye meza ya dirishani, nikaandika kwa maka peni WANAWAKE NA SAYANSI, nikawapanga wote hapo. Muhula mzima wavulana walipita kando wakiita "meza ya akina mama". Kisha mwalimu wa historia akaja kutafuta kitabu cha Oldupai cha kuwasomea Form One. Akaenda rafu namba 560, kwenye mabaki ya viumbe wa kale, hakukiona, akaondoka zake. Kilikuwa kwenye kitenge, kwa kuwa kinamhusu Mary Leakey. Kila mtoto wa Tanzania anakariri Zinjanthropus, fuvu la kale la Bonde la Oldupai, 1959. Wangapi wanajua kwamba aliyeliona lile fuvu ni Mary, siku ambayo mumewe Louis alikuwa kambini anaumwa? Na mimi, kwa heshima zangu zote, nikamhamisha bondeni nikampeleka dirishani.

Kwa hiyo panga kwa mada. Mfumo wa Dewey, wa tangu 1876, unaoipa kila mada namba yake, unatosha kabisa: 510 hisabati, 530 fizikia, 540 kemia, 570 biolojia, 580 mimea, 590 wanyama, 610 tiba. Kitabu cha Jane Goodall na sokwe wa Gombe kinakaa 599 na wanyama wengine wanaonyonyesha. Kinachoeleza jinsi Tu Youyou wa China alivyopata artemisinini, dawa ya malaria, kutoka kwenye mmea wa pakanga, kazi iliyompa Nobel mwaka 2015, kipeleke 615 kwenye dawa. Mwanafunzi anayesoma habari za malaria, aliyewahi kumeza dawa ya mseto, atakutana naye hapo bila kutumwa na mtu.

Vitabu vya maisha ya watu ndivyo vinavyosumbua. Wengi huvirundika vyote 920, namba ya wasifu. Mimi sifanyi hivyo. Ongeza 092 nyuma ya namba ya fani: Marie Curie anakuwa 530.092, anakaa na wanafizikia wenzake. Ana Nobel ya kemia pia, ya 1911, na kama mwalimu wa kemia iliniuma kumwachia jirani, lakini kitabu kimoja hakikai rafu mbili.

Wazo la kutowatenga watu si langu. Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard kule Washington tangu 1930, alikuta maktaba zinazotumia Dewey zikisukumiza kazi za waandishi weusi kwenye namba mbili: 325, uhamiaji na ukoloni, na 326, utumwa. Hata mashairi! Akakataa, akapanga kila kitabu kwa kilichomo ndani yake. Namba ya rafu huwa inatoa hukumu kimyakimya.

Sasa lebo. Kata karatasi nyeupe, andika namba, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Ibandike kwenye mgongo wa kitabu, sentimita tatu kutoka chini, zote usawa mmoja; tumia kipande cha rula, macho yatakudanganya. Funika kwa selotepu pana inayozunguka mgongo mpaka kwenye majalada yote mawili, la sivyo joto la Januari litaibandua. Gundi ya uji wa ngano usiithubutu. Niliitumia kubana matumizi, na mende wakala lebo za rafu nzima ya 540. Niliziandika upya siku mbili.

Ukishapanga kwa mada, wanawake wako utawapataje kwa pamoja mgeni akiuliza? Kwa kadi. Kata boksi gumu kwa wembe, ukubwa wa kiganja, kila kitabu kadi yake: jina, namba, na maneno matatu ya kutafutia. Hapa namfuata Karen Spärck Jones, mtafiti wa kompyuta wa Cambridge, aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba neno linapopatikana kwenye maandishi machache ndipo linapofaa zaidi kutafutia. Mashine za kutafuta kwenye intaneti zimejengwa juu ya wazo hilo. Neno "sayansi" liko kwenye kila kadi, basi ni sawa na hakuna. Andika "pakanga", "nyayo za Laetoli", "radiamu". Neno "mwanamke" liweke pia, maana kwenye sanduku langu bado ni adimu.

Kitenge sikukitupa. Nafunikia kompyuta ya ofisini wakati wa vumbi. Cha Gombe, kwa taarifa yako, hakipo rafuni: kijana wa Form Two ameongeza muda mara tatu, na juzi nimeona ameanza kuchora sokwe pembezoni mwa daftari langu la kuazimishia.