Namna ya Kuliaga Jengo la Zamani Pamoja na Wazee Kabla Halijabomolewa

Jengo likishazungushiwa uzio wa mabati, mnakuwa mmechelewa, kwa maana hamtaruhusiwa kuingia na vitu vyake vingi vitakuwa vimekwisha kuhamishwa. Mwaka jana familia yetu ilikwenda kuliaga ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima katika kijiji chetu, juu ya mji wa Moshi, ambalo lilikuwa libomolewe ili zijengwe fremu za maduka. Tulifika siku tisa kabla, mizani ikiwa bado inaning'inia kwenye boriti yake, na siku hizo tisa ndizo zilizotufaa.

Anzeni kwa kuomba ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi, mkitaja idadi ya watu, saa mtakayofika, na kwamba mtapiga picha. Msiingie kimyakimya hata mkikuta mlango uko wazi, kwa sababu jengo lililotelekezwa huwa na misumari, mbao zilizooza na paa lisiloaminika. Kila mtu avae viatu vya kufunika, na watoto washikwe mkono.

Chagueni asubuhi. Mlima Kilimanjaro mara nyingi huonekana mapema kabla mawingu hayajaufunika, na kama jengo lenu hutazamana nao, picha inayouonyesha itawakumbusha wajukuu mahali hasa lilipokuwa. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia za vijijini huwa na utelezi usiomfaa mzee.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote ni kwamba ziara iongozwe na mzee aliyelitumia jengo hilo, si na kijana mwenye kamera. Mchukulieni kiti, mpeni nafasi ya kutembea kwa mwendo wake, na mumwulize maswali madogo yanayoshikika: uliingilia mlango upi, ulisimama wapi, nani alikuwa mbele yako? Sisi tulikuwa tumejiandaa kumwuliza Bibi kuhusu historia ya ushirika, tukijua kwamba KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1933 na kwamba wakulima walipeleka kahawa yao kupitia vyama vya msingi kama chetu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya karani, akapapasa ukingo wake hadi vidole vyake vikafika kwenye sehemu iliyolika, akasema hapo ndipo alipokuwa akiegemeza debe wakati akisubiri zamu. Kisha akatueleza, bila kuulizwa, kwamba kahawa aliichuma na kuibeba yeye, lakini jina lililoandikwa kitabuni lilikuwa la Babu. Mama yangu, aliyekulia nyumba hiyohiyo, alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo.

Kwa hiyo rekodini sauti tangu mnaposhuka garini, simu ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea karibu na mzee, na izimeni milio yake ili mazungumzo yasikatizwe. Mzee akitumia jina la Kichaga la kitu, msimkatize ili atafsiri, bali mwombeni baadaye alirudie taratibu. Pigeni picha za kila ukuta, kisha za mzee akiwa amegusa kile anachokieleza. Pimeni vyumba kwa futi ya utepe na mchore ramani siku hiyohiyo.

Msichukue kitu bila idhini. Sisi tuliomba ile meza kwa barua na tukapewa. Familia yenye vitabu vya hesabu au picha za zamani inaweza pia kuomba ushauri wa kuvihifadhi katika makumbusho yaliyomo ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, mjini Arusha. Wanaotamani kulinusuru jengo lenyewe wafahamu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na kwamba ya baadaye huhitaji kutangazwa rasmi, hatua ambayo haipatikani kwa siku chache zilizosalia.

Mwisho, mwacheni mzee aamue saa ya kuondoka. Bibi alitutoa sote nje kwanza, akavuta mlango mwenyewe, akafunga kufuli, kisha akauliza ufunguo akabidhiwe nani.