Jinsi ya kuchora mipaka ya Ghuba ya Fonseca

Wanafunzi wangu hukimbilia kuigawa ghuba hii ya Amerika ya Kati, upande wa Pasifiki, mafungu matatu. Usifanye hivyo. Kwa penseli, chora pwani: El Salvador magharibi, Honduras ndani, Nicaragua mashariki. Unganisha rasi za Punta Amapala na Punta Cosigüina. Huo ndio mlango wa ghuba. Kisiwa cha El Tigre ni cha Honduras, visiwa vya Meanguera na Meanguerita ni vya El Salvador. Kwa rangi ya kila nchi, paka ukanda wake wa maili 3 za baharini kando ya pwani na visiwa. Maji yanayobaki yapake rangi moja: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1992 kuwa nchi zote tatu zinayamiliki kwa pamoja, isipokuwa pale Honduras na Nicaragua zilipokwisha kuwekeana mpaka mwaka 1900. Uamuzi huo naupenda mno. Kisiwa cha Conejo kiwekee alama ya kuuliza. Honduras inakikalia, El Salvador inakidai.