Kupanga elektroni za chuma bila kukwama kwenye 4s na 3d

Mpangilio wa 2:8:8:2, yaani idadi ya elektroni katika kila ganda (tabaka linalozunguka kiini cha atomu) kuanzia la ndani, unakufikisha salama hadi kalsiamu. Ukivuka hapo, kwenye skandiamu, elektroni mpya inarudi nyuma kwenye ganda la tatu wakati la nne limeshaanza kujaa. Tufanye chuma, maana ndicho kinachowatoa jasho wanafunzi wengi.

Hatua ya 1. Tazama namba atomiki. Chuma ni 26, kwa hiyo atomu yake isiyo na chaji ina elektroni 26.

Hatua ya 2. Gawa kila ganda katika vijiganda vyake. Kijiganda s hubeba elektroni 2, p hubeba 6, d hubeba 10. Ganda la kwanza lina s peke yake, la pili lina s na p, la tatu lina s, p na d. Kumbe ganda la tatu linabeba 18, wala si 8.

Hatua ya 3. Panga foleni. Ipe s namba 0, p namba 1, d namba 2, kisha jumlisha na namba ya ganda. 4s, yaani s ya ganda la nne, ni 4+0=4; 3d ni 3+2=5. Jumla ndogo hutangulia, hivyo 4s inajazwa kwanza. Jumla zikilingana, kama 3d na 4p, mwenye ganda dogo anatangulia. Wengi hufundisha ule mchoro wa mishale ya mshazari. Mimi siupendi, kwa sababu ukikosea mshale mmoja kila kitu kinaharibika, ilhali hesabu hii unaifanya pembeni ya karatasi muda wowote.

Hatua ya 4. Jaza huku unahesabu (namba ndogo ya juu ni elektroni za kijiganda, ya kwenye mabano ni jumla hadi hapo): 1s² (2), 2s² (4), 2p⁶ (10), 3s² (12), 3p⁶ (18), 4s² (20). Zimebaki 6, zote zinaingia 3d: 3d⁶.

Hatua ya 5. Chora visanduku vitano vya 3d, kila kimoja nafasi ya elektroni mbili; mshale mmoja ni elektroni moja. Weka mshale mmoja mmoja kwanza, yote ikielekea juu. Wa sita ndio unaoingia kwa mwenzake, ukielekea chini. Kanuni ya Pauli ya mwaka 1925 hairuhusu mishale miwili ya kisanduku kimoja ielekee upande mmoja. Elektroni nne zimebaki bila mwenza, na elektroni za namna hiyo ndizo chimbuko la usumaku wa chuma.

Hatua ya 6. Ukiulizwa ioni, yaani atomu iliyopoteza au kupata elektroni, usifute kuanzia mwisho wa foleni. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kadiri protoni zinavyoongezeka, kiini huzivuta elektroni za 3d karibu zaidi, na zile za 4s hubaki nje. Za nje ndizo zinazoondoka kwanza. Fe²⁺ (chuma kilichopoteza elektroni mbili) inapoteza 4s zote mbili na kubaki na 3d⁶. Fe³⁺, ile iliyomo kwenye kutu, inapoteza moja zaidi na kubaki na 3d⁵, kila kisanduku mshale mmoja.

Kuna wakorofi wawili kwenye safu hii. Kromiamu (24) ni 4s¹ 3d⁵, na shaba (29) ni 4s¹ 3d¹⁰, japo foleni yetu ingetoa 3d⁴ na 3d⁹. Hao wakariri tu.

Sasa jaribu Cu²⁺, ioni ya shaba. Ukipata 3d⁹ na 4s tupu, umepatia.