Ulimwengu wa komiki unapopanguliwa: jinsi ya kujipanga ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Marvel au DC, wachapishaji wakubwa wa komiki wa Marekani, ikitangaza kwamba inapangua ulimwengu wake wa hadithi, makundi ya WhatsApp huwaka usiku huohuo. Huyu analia kwamba mhusika wake amefutwa, yule ameshatuma jalada lisilojulikana lilikotoka, na mwingine ameapa kununua kila toleo namba moja litakalotoka. Kabla ya yote hayo, litafute tangazo lenyewe ulisome neno kwa neno. Matangazo makubwa hutolewa sana kwenye makongamano mawili ya Marekani, la San Diego mwezi Julai na la New York mwezi Oktoba. Kikao cha saa nne asubuhi San Diego kwetu ni saa mbili usiku. Cha saa sita mchana New York, mwezi huo wa Oktoba, ni saa moja jioni. Kwa hiyo kinachosambazwa asubuhi yake kikiitwa "siri iliyovuja" huwa ni uvumi tu, au ni kitu ambacho mchapishaji mwenyewe atakieleza jioni kwa ukamilifu.

Baada ya tangazo la jukwaani, subiri orodha ya mauzo. Kila mwezi wachapishaji hutoa orodha ya matoleo yatakayouzwa baada ya takriban miezi mitatu, na habari ya kutegemewa imo humo. Kila toleo lina jina, namba, mwandishi, mchoraji wa ndani, mchoraji wa jalada, muhtasari mfupi, idadi ya kurasa, bei na tarehe. Usianze na muhtasari, kwa maana umeandikwa ili uuze. Anza na kurasa. Toleo la kawaida lina kurasa 32 pamoja na matangazo ya biashara, na hadithi yenyewe huwa kama kurasa 20 hadi 22. Ukiona 40 au 48 kwenye mfululizo wa kawaida, jua hapo kuna mwisho, mwanzo au tukio. Kisha tazama jina la mchoraji wa ndani, usilichanganye na la jalada. Wengi hununua kwa ajili ya jalada, halafu wanalaumu mwandishi kwa michoro isiyomhusu. Mwisho hakikisha kama mfululizo umetajwa kuwa wa kuendelea au wa matoleo machache, kwa mfano matano. Ukiwa wa matano, kufungwa kwake si habari ya kusikitikia. Ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo.

Sasa tambua ni mabadiliko ya aina gani. Hapa ndipo mashabiki wanapogombana bure, kwa sababu wanajadili mambo tofauti kwa jina moja.

Kuna historia kufutwa na kuandikwa upya. Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez ya 1985 hadi 1986, iliunganisha dunia nyingi za DC zikawa moja. Mwaka 2011, baada ya hadithi ya Flashpoint, DC ilianza mifululizo 52 kwa namba moja ikauita mpango huo The New 52. Ndoa ya Superman na Lois Lane ikawa haikuwahi kufungwa, na Barbara Gordon, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa jina la Oracle kwa miaka mingi, akarudishwa kuwa Batgirl. Aina hii ndiyo inayouma kweli. Ikitangazwa, uliza swali moja: nani ameachwa bila kuguswa? Mwaka 2011 hadithi za Batman na Green Lantern ziliendelea karibu kama zilivyokuwa, ilhali Superman alianzishwa upya. Kilichofuata ni mkanganyiko, kwa sababu ulimwengu mpya ulisema mashujaa wana miaka mitano tu tangu waanze kazi, na ndani ya miaka hiyo Batman tayari alikuwa amewalea kina Robin, wasaidizi wake vijana, wanne. Orodha ya wasioguswa ikiwa ndefu, tarajia mgongano wa aina hiyo, na tarajia marekebisho baada ya miaka michache. DC ilikuja na marekebisho yake, Rebirth, mwaka 2016.

Kuna namba kurudi moja bila historia kuguswa. Huu ni mpango wa mauzo. Wahusika ni walewale, kumbukumbu zao ni zilezile, kilichobadilika ni waandishi na mwelekeo. Kuna pia ulimwengu wa pembeni kufunguliwa au kufungwa, kama Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta iliyoanza Oktoba 2024. Ule haumgusi Batman wa kawaida hata kidogo, na unaweza kuusoma bila kujua chochote kingine.

Halafu kuna kifo. Usimlilie mtu kabla hujatazama kalenda. Superman alikufa katika Superman namba 75 mwishoni mwa 1992, na 1993 haikuisha kabla hajarudi. Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, alikufa Mei 2023, akafufuliwa Julai mwaka uleule. Hal Jordan, yule Green Lantern, aligeuzwa mhalifu 1994, mashabiki wakapinga kwa miaka, akarejeshwa kwa heshima 2004. Barry Allen, yaani Flash, aliyekufa 1985 ndiye aliyekaa sana, akarudi 2008. Mfano wa kukaririwa ni wa Jason Todd, Robin wa pili. Mwaka 1988 DC iliwaachia wasomaji wapige simu waamue kama afe au aishi. Kura za kufa zilikuwa 5,343, za kuishi 5,271, tofauti ya 72 tu. Naye pia alirudi, 2005. Mhusika akiwa na filamu au mfululizo wa televisheni unaokaribia, mpe muda mfupi zaidi.

Ukishajua aina, toa kaunta buku. Simu inafaa kusomea, lakini orodha hii iandikwe kwenye karatasi ambayo kundi zima linaweza kuizunguka. Chora safu sita: jina la mfululizo, toleo la mwisho, mwandishi anayeondoka, toleo jipya la kwanza, mwandishi anayeingia, uamuzi. Chukua mabadiliko ya 2024 ya X-Men, kundi la mashujaa wa Marvel. Safu ya kwanza: X-Men. Ya pili: namba 35, Juni 2024. Ya tatu: Gerry Duggan. Ya nne: namba 1, Julai 2024. Ya tano: Jed MacKay. Ya sita: nunua namba 35, subiri namba 1. Ongeza maelezo pembeni: namba 35 ilihesabiwa pia kuwa ya 700, kwa hesabu ndefu inayojumlisha mifululizo ya nyuma. Usipoandika hilo, mmoja wenu atatafuta namba 36 ambayo haipo, na mwingine ataagiza toleo lilelile mara mbili akidhani ni vitabu viwili.

Kuhusu uamuzi wa safu ya sita tunasimama imara: pesa ziende kwanza kwenye mwisho wa hadithi uliyoifuata, si kwenye mwanzo mpya. Namba moja huchapishwa kwa wingi, ina majalada mengi, na itapatikana mwaka mzima. Toleo la mwisho la mfululizo unaofungwa huagizwa kwa uchache kwa sababu maduka yanajua wasomaji wamepungua. Pia mwandishi anayeondoka huwa ameweka pale kila alichotaka kusema. Mpe nafasi hiyo. Mwandishi mpya mhukumu kwa toleo la tatu au la nne, hadithi yake ikishaonyesha inakoelekea.

Katika kusoma, shika uti wa mgongo. Tukio kubwa huwa na mfululizo mkuu na matawi mengi. Secret Wars ya Marvel ya 2015, ya Jonathan Hickman na Esad Ribić, ina matoleo tisa kwenye uti, na matawi mengi kupita kiasi. Soma tisa hayo, ongeza tawi moja tu la mhusika unayempenda. Kilichoharibika wakati ule ni ratiba: ilipangwa iwe matoleo manane, likaongezwa la tisa, likachelewa hadi Januari 2016. Mifululizo mipya ilikuwa imeanza tangu Oktoba, kwa hiyo wasomaji walijua dunia imepona kabla ya kuona ilivyoponyeshwa. Ukiona kwenye kaunta buku lako tarehe ya namba moja mpya imetangulia ile ya mwisho wa tukio, wekeni mpya kando hadi uti uishe.

Wanaomfuata Storm, shujaa wa X-Men, wana sababu ya kuwa makini zaidi, kwa kuwa ni mtu wa kwetu kwa upande wa mama: mama yake, N'Daré, alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Storm alitokea mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, na Oktoba 2024 alipata mfululizo wake ulioandikwa na Mnaijeria, Murewa Ayodele. Kila X-Men wanapopanguliwa, mtafute katika orodha ya mauzo kwa jina, maana anaweza kuhamishiwa kundi lingine la mashujaa usimwone kwenye mfululizo uliozoea.

Pesa sasa. Toleo moja la dola 4.99, kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, ni karibu shilingi 650. Tukio la matoleo tisa ni dola 44.91, yaani shilingi 5,838. Programu ya kusomea komiki ya Marvel Unlimited hupokea matoleo takriban miezi mitatu baada ya kuuzwa, na bei yake ya mwezi imekuwa dola 9.99, karibu shilingi 1,300. Hesabu inajieleza: subiri toleo la mwisho la tukio liingie kwenye programu, lipia mwezi mmoja, soma yote, ufunge. Kabla ya kulipia huduma yoyote, ya Marvel au ya DC, hakikisha inakubali akaunti ya Kenya.

Kwa malipo, fungua kadi ya M-PESA GlobalPay kupitia programu ya M-PESA au *334#. Weka zaidi ya bei kamili, angalau shilingi mia moja juu, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha fedha hakitakuwa kile ulichoona kwenye habari. Malipo mengi hukwama kwa upungufu wa shilingi ishirini. Jambo la pili linalosumbua ni kujirudia: huduma hukata pesa kila mwezi mpaka uisimamishe. Zima kujirudia siku ileile uliyolipia. Mwezi wako utaendelea kuwepo hadi mwisho. Pakua matoleo ukiwa kwenye Wi-Fi ili ukisafiri Kakamega au stima ikipotea uendelee kusoma bila bando.

Nakala za wizi zinazopitishwa kama faili za PDF ziacheni. Kurasa mbili zilizochorwa kama picha moja hukatwa katikati, rangi hufifia, na kurasa za mwisho mara nyingi hazipo. Isitoshe, hakuna mchapishaji atakayehesabu kwamba msomaji wa Kondele, Kisumu, anampenda Storm kama msomaji huyo hakununua popote.

Kundi la watu sita au wanane likusanye mchango kama chama na mweka hazina wake, linunue kitabu kimoja cha mkusanyo, kile kinachofunga matoleo matano au sita pamoja. Kizungushwe kwa wiki moja kila mtu, kwa majina yaliyoandikwa. Kukutana, maktaba ya umma ya Kisumu au ya Nakuru inatosha, mradi muulize mapema kama mnaweza kuzungumza. Kanuni moja tu ya WhatsApp: hakuna picha ya ukurasa wa ndani kwa siku saba tangu toleo litoke Jumatano, na anayetaka kujadili aandike kwanza jina na namba ya toleo, kisha aache mistari mitupu.

Mwenye nakala za karatasi akiishi karibu na ziwa ajue adui wake ni unyevu. Komiki ya kisasa ina upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa 26. Itie kwenye mfuko wa polipropilini wenye kadi isiyo na asidi nyuma yake, isimamishwe wima kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu ya simiti. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya vitieni humo, mvibadilishe mvua za Machi hadi Mei zikianza. Juu ya kabati chini ya mabati pasitumike, joto hukausha gundi na kuukunja mgongo wa kitabu.

Likibaki jambo la kumwambia mchapishaji, mwandikieni. Kurasa za barua zipo katika baadhi ya mifululizo, na anwani ya barua pepe huchapishwa humohumo. Kwa Marvel, weka maneno OKAY TO PRINT kwenye kichwa cha barua ukitaka ichapwe. Taja toleo, ukurasa na tukio, sema nini kilifanya kazi kabla ya kusema nini kimevunjika, na usidai mwandishi afukuzwe. Barua ya namna hiyo haitachapwa. Aya mbili zinatosha. Malizia kwa jina lako la kwanza na mji: Kisumu, Kenya.